Magnesiamu isubiri, pima feritini kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kama ununue ile chupa ya magnesiamu uliyoiona kwenye kemisti mjini, maana miguu haikupi usingizi. Usinunue bado. Pima damu kwanza, na kipimo ukitaje kwa jina: feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini.

Ulivyonieleza, dalili zako zinafanana sana na za ugonjwa wa miguu isiyotulia. Hamu ya kuisogeza miguu inakujia ukiwa umekaa tu, kitandani au ndani ya matatu iliyokwama Thika Road jioni. Ukisimama ukatembea inapoa, na usiku inazidi. Shavu la mguu kukaza ghafla na kuuma ni jambo jingine. Nyayo kuwaka moto hata unapotembea nako ni kwingine, hasa kwa mwenye kisukari.

Chuma kinaingiaje hapa? Ubongo hukihitaji ili utengeneze dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Kwa wengi wenye shida hii chuma hakiufikii ubongo vya kutosha, hata kama damu haijapungua. Kwa hiyo ukiambiwa himoglobini iko sawa, usiondoke. Akiba huisha kwanza, himoglobini hufuata baadaye sana.

Nenda maabara asubuhi kabla ya kula. Omba feritini pamoja na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma. Kama umeshaanza dawa ya kuongeza damu, iache siku mbili kabla ya kupimwa. Usiende ukiwa na homa, malaria au kifua kibaya, kwa sababu feritini hupanda mwili unapopambana na maradhi, na akiba iliyokauka itaonekana imejaa. Karatasi ikitoka, soma namba yenyewe. Maabara inaweza kuandika kwamba feritini ya 20 ni ya kawaida, lakini kwa miguu isiyotulia madaktari hufikiria kuongeza chuma ikiwa ni 75 au chini yake, au ile asilimia ikiwa chini ya 20. Mikrogramu kwa lita au nanogramu kwa mililita, namba ni ileile.

Ikiwa iko chini na daktari amekubali, kidonge cha kawaida ni feras salfeti ya miligramu 200. Hapo ndipo watu wanapojichanganya: chuma halisi ndani yake ni kama miligramu 65 tu. Feras glukoneti ya 300 ina kama 35. Meza kimoja siku moja, ruka siku inayofuata. Ukimeza leo, mwili hufunga mlango wa chuma kwa takriban siku nzima, kwa hiyo kumeza viwili au vitatu kwa siku huongeza kichefuchefu na choo kigumu kuliko kunavyoongeza akiba. Kimeze tumbo likiwa tupu, kwa maji na chungwa.

Na sasa chai. Najua huwezi kuamka bila chai ya maziwa, lakini majani ya chai hukishika chuma kikapita bila kufyonzwa, na kalsiamu ya maziwa nayo hupunguza. Acha angalau saa moja kati ya kidonge na kikombe, saa mbili ni bora. Dawa za kiungulia zikae mbali zaidi. Choo kikiwa cheusi kama mkaa usiogope, ni chuma hicho, ila kikiwa chenye kunata na harufu kali, muone daktari siku hiyohiyo. Vidonge vifungie juu kabisa: mtoto mdogo akimeza vichache vinaweza kumuua.

Usitarajie nafuu wiki ya kwanza. Rudia kipimo baada ya miezi mitatu. Akiba ikikataa kupanda, au tumbo likikataa vidonge, kuna chuma cha kuwekwa kwenye mshipa hospitalini. Chunguza pia kinakovujia: hedhi nzito, vidonda vya tumbo, kuchangia damu mara kwa mara. Omena, maini, na sukuma wiki iliyokamuliwa ndimu vinasaidia kulinda akiba, lakini ikiwa imeshakauka chakula peke yake kitachukua muda mrefu mno. Na usimgawie rafiki yako vidonge hivyo bila kipimo. Kuna watu ambao chuma hujaa mwilini na kuharibu ini, wakiwamo wenye selimundu walioongezewa damu mara nyingi.

Kabla ya hayo yote, angalia kabati lako la dawa. Piriton, na dawa nyingi za mafua zenye klorofenamini, humfanya mtu asinzie huku zikiichochea miguu. Ile ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi ni hivyohivyo, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo pia. Hizo za mwisho usiziache ghafla, zungumza na aliyekuandikia. Kahawa ya jioni na pombe vipunguze.

Kuhusu magnesiamu yenyewe: ushahidi wake kwa miguu isiyotulia ni mwembamba. Kama figo zako ni nzima, miligramu 200 usiku hazina ubaya mkubwa, ila ya oksaidi huharisha, na usiinywe pamoja na chuma. Mwenye figo dhaifu asiiguse bila daktari.

Kwa usiku wa leo, oga maji ya moto, kanda mashavu ya miguu, nyoosha, tembea kidogo chumbani. Ikiwa chuma kimekaa sawa na bado hulali, daktari anaweza kukupa gabapentini au pregabalini. Akikutajia pramipeksoli, dawa inayoiga kazi ya dopamini, muulize habari ya dalili kurudi kwa nguvu na kuanza mapema zaidi mchana, kwa kuwa dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu huweza kuleta jambo hilo.

Ukipata karatasi ya maabara nitumie picha yake, ukurasa wote, si namba moja tu.

Mama yako