Uliza Ujibiwe: Polisi akiwa wa kwanza kufika kwenye lori la mafuta

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni bodaboda hapa Ngamiani, Tanga. Juzi njia ya Muheza nimekuta lori la mafuta limelala ubavu, askari wapo wawili tu, mmoja anafukuza watu kwa kirungu mwingine yupo bize na simu, af gari lao wamelipaki karibu kabisa na tenki injini inanguruma. Hivi polisi wanafundishwaga mambo ya maafa au wao ni wezi na leseni tu? – M.K.

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Tukisikia maafa sote tunawaza zimamoto, wakati anaewahi kufika mara nyingi ni trafiki au askari wa kituo cha jirani, zimamoto wanakuja nyuma na njia ikiwa imezibwa na watazamaji ndo basi tena. Kwa hiyo askari anatakiwa afundishwe hasa zile dakika za mwanzo, kabla wenye mabomba hawajafika.

Kwanza gari linapakiwa mbali, upande upepo unakotokea. Sisi wa pwani pepo za kaskazi na kusi tunazijua toka utotoni, ila askari aliyehamishiwa huku juzi kutoka bara nani kamwambia? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unaingia mtaroni unatulia humo, na cheche ya pikipiki (samahani mpwa) inatosha kabisa. Mwongozo wanaobeba waokoaji wa Marekani na Kanada unasema petroli ikimwagika watu wakae angalau mita 50 pande zote, tenki likiwa linaungua ni mita 800. Sasa piga hesabu, mita 800 ni kutoa watu mitaa mingapi pale Ngamiani? Kirungu kimoja hakitoshi, unahitaji kipaza sauti, utepe, na mwenyekiti wa mtaa ambae watu wanamsikiliza. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walienda kuchota mafuta kwenye lori lililopinduka, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Hilo lingekuwa somo la kwanza kwa kila kuruta, kwa maoni yangu.

Kingine ni nani bosi pale. Wazima moto wa California baada ya mioto mikubwa ya 1970 walikuja na utaratibu kwamba eneo la tukio linakuwa na kamanda mmoja anaejulikana, na kila mtu anajua anaripoti kwa nani. Kwetu askari akiwahi yeye ndo anashika usukani, zimamoto wakifika anawakabidhi kwa mdomo: kimetokea nini, majeruhi wangapi, nani bado yumo ndani, af yeye anarudi kwenye kazi yake ya kulinda njia na mali. Kukabidhiana huku hakufundishiki kwenye semina ya hotelini yenye chai, posho na cheti. Inatakiwa zoezi, polisi, zimamoto, hospitali na nyie bodaboda mkiwa pamoja, maana majeruhi wengi mnawabeba nyie, na mkiwabeba ovyo mnaweza kuwavunja uti wa mgongo.

SWALI: Mjomba, mi niko Pangani, sisi raia tunaingiaje kwenye hayo mafunzo? – Mama S.

JIBU: Dada yangu, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini huko, nenda ofisi ya kata uulize ya kwenu ina nani na mara ya mwisho walifanya zoezi lini, wakikuangalia kama umeuliza habari za mwezini muulize polisi kata. Na simu ni 114 zimamoto, 112 polisi, ukipiga anza na ulipo, alama ya jirani kama msikiti au shule, ndo useme kilichotokea, na usikate mpaka wao wakate.