Mke wangu aliondoka: je, naweza kuwa mzee wa kanisa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni fundi ujenzi, nina miaka 46. Mke wangu, tuliyefunga naye ndoa kanisani, alikimbia nyumbani akaniachia watoto wawili. Baada ya miaka mitatu alifungua mwenyewe shauri la talaka, na mahakama ikaitoa. Sijaoa tena. Sasa jumuiya yetu imependekeza jina langu kwenye uchaguzi wa wazee wa kanisa, lakini mzee mmoja amesimama akasema Biblia inataka "mume wa mke mmoja", kwa hiyo mwenye talaka hafai. Ni kweli?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Mzee huyo hakubuni maneno. Yako 1 Timotheo 3:2 kuhusu askofu, 3:12 kuhusu mashemasi, na Tito 1:6 kuhusu wazee. Ila neno talaka halimo humo, ameliingiza yeye.

Kigiriki chake ni maneno matatu tu: "mwanamume wa mwanamke mmoja". Wako wanaosema maana yake ni lazima kiongozi awe ameoa. Basi Paulo mwenyewe hafai, kwa sababu katika 1 Wakorintho 7:8 anawaambia wasiooa wakae kama yeye. Wengine wanasema inakataza mitala, basi. Mitala imo, sikatai, lakini soma 1 Timotheo 5:9: mjane wa kuandikwa kwenye orodha ya wajane wa kanisa awe amekuwa "mke wa mume mmoja". Pale Efeso, alikokuwa Timotheo, nani alikuwa na tatizo la wanawake wenye waume wawili kwa pamoja? Na tangu karne za mwanzo wamekuwapo walimu wanaosema ni ndoa moja maisha yote, hata ukifiwa. Hao nao wanakwama kwenye 5:14, ambapo Paulo anawataka wajane vijana waolewe. Awaambie waolewe, halafu wakizeeka awafute kwenye orodha kwa kosa la kumtii?

Ndiyo maana nayasoma maneno hayo kama kipimo cha uaminifu. Kwa kipimo hicho, wako wazee wa kanisa wasio na talaka hata moja ambao wana nyumba ndogo mtaa wa pili, usharika mzima unajua, na hakuna aliyewahi kuwasomea mstari huo. Wewe unasomewa kwa sababu talaka yako ina muhuri wa mahakama.

Lakini sitaki nikupe ushindi wa haraka. Watu walio katika hali yako hukimbilia 1 Wakorintho 7:15: asiyeamini akiondoka, aliyebaki "hafungiki". Mkeo alikuwa Mkristo, kwa hiyo mstari huo haukuhusu moja kwa moja. Wako wanaojibu kwamba mtu aliyeitelekeza nyumba na kukataa kulisikiliza kanisa ahesabiwe kama wa mataifa, yaani asiyeamini, kwa Mathayo 18:17. Nakubaliana nao, mradi kanisa liwe limezungumza naye kweli. Je, lilizungumza? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yenyewe inataka kwa kawaida mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla shauri la talaka halijafunguliwa. Isiwe serikali ilihangaika kuwapatanisha kuliko sisi.

Kuoa tena ni suala jingine, na makanisa hayakubaliani. Kwa Wakatoliki, ndoa halali ya waliobatizwa iliyokamilishwa haivunjwi na mahakama. Mwenye talaka ya serikali ambaye hajaoa tena hazuiwi Komunyo kwa sababu hiyo pekee. Makanisa mengi ya Kiprotestanti huangalia Mathayo 19:9, ambapo Yesu anakataza kumwacha mke na kuoa mwingine isipokuwa kwa sababu ya uasherati, na mazingira ya kila ndoa. Kama una mtu moyoni, mwambie mchungaji wako sasa, si baada ya kuwekwa wakfu.

Kwa hiyo jibu langu: talaka peke yake haikuondolei sifa ya kuwa mzee wa kanisa. Ila katiba ya kanisa lako ikikataa, itii. Usianzishe kundi la kukutetea. Na bado kuna 1 Timotheo 3:5 juu ya kuisimamia nyumba, na 3:7 juu ya kushuhudiwa mema na watu wa nje. Wanao wanakusemaje? Mafundi unaowalipa Jumamosi je?

Jambo la mwisho. Umeandika kwamba mkeo "alikimbia". Hukuandika alikimbia nini. Huenda hakikuwa kitu, huenda alifuata mambo yake. Lakini baraza la wazee lina haki ya kuuliza, na kama kulikuwa na ngumi, au mshahara ulioishia kilabuni, liambie kabla ya kura. Nenda na nakala ya hukumu. Kama yeye bado hajaolewa, mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili aende akamsikilize kwanza.