Kabla hujanunua lenzi, nunua maharage

SWALI: Kaka, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Mwezi wa nane tunakwenda Tarangire siku moja na Ngorongoro siku moja, mimi, mume wangu na watoto wawili. Nina Canon ndogo na lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Kaka yangu ana 70-300 ya Canon, yuko tayari kuniazima. Lakini kuna mtu anauza 150-600 iliyotumika, na mume wangu anasema bila hiyo tutarudi na picha za vichaka. Ninunue?

JIBU: Marahaba, dada. Usinunue. Mwambie shemeji hela hiyo ailipie ada.

Hizo Canon ndogo zina kihisio kidogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwa hiyo picha hukatwa pembeni na kitu huonekana kimekaribia mara 1.6. Namba za lenzi ni milimita, zikiwa kubwa lenzi inavuta karibu zaidi, na hizo 300 za kaka yako zitakuwa kama 480. Tarangire mwezi wa nane ni kiangazi, tembo wanateremka mtoni, na mara nyingi wanakatiza mbele ya gari kabisa. Kwa 300 utapata sikio tu!

Najua shemeji anamuwazia kifaru wa Ngorongoro. Kule kreta gari haliruhusiwi kuacha barabara, na kifaru anaweza kusimama kilomita nzima kutoka ulipo. Nimewahi kumpiga kwa 600, saa saba mchana. Nilipata kitu cha kijivu kinachocheza kama kipo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Ni joto linalopanda kutoka ardhini, na hakuna lenzi inayolitoboa. Shukeni mapema asubuhi. Na ile 150-600 ina karibu kilo mbili. Nani ataishika kutwa nzima na watoto wawili garini?

Kinachoharibu picha za safari ni mtikisiko. Nenda Memorial, kule sokoni kwa mitumba, tafuta suruali ya jinzi ya bei ya kutupa, mpe fundi cherehani akate mguu mmoja, ashone upande mmoja, ujaze maharage kilo mbili, kisha afunge. Uweke dirishani au kwenye ukingo wa paa likifunguliwa, lenzi ilale juu yake. Mwombe dereva azime injini. Atazima, wamezoea. Halafu watoto wakae. Mtoto mmoja akiruka kwenye kiti, Land Cruiser nzima inayumba. Zungusha kitufe cha juu mpaka Tv, pale unapochagua mwenyewe kasi ya kupiga, weka 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ISO, ile inayoongeza wepesi wa kamera kuona mwanga, iache ijipange yenyewe. Picha ikiwa na chengachenga kidogo utaivumilia, lakini simba aliyetoka na macho mawili mawili hafai hata kwa WhatsApp.

Sasa vumbi, na hapa naongea kwa uchungu. Mwaka mmoja nilibadilisha lenzi garini, dirisha wazi, gari la mbele limetutangulia kidogo tu. Sekunde tano hivi. Siku tatu zilizofuata kila anga niliyopiga ilikuwa na vidoa vyeusi, pale pale, na mteja akaniuliza kama ni ndege. Kwa hiyo funga 70-300 nyumbani Moshi, usiifungue mpaka jioni. Tembo akisimama mbele ya boneti, toa simu. Simu za siku hizi zinapiga picha pana vizuri tu, na 18-55 yako itabaki kwenye begi bila kukosa kitu.

Jambo dogo: ubavuni mwa lenzi ya kaka yako angalia kama kuna swichi ya kuzuia mtikisiko. Ikiwepo, iwashe.

Mkirudi, fumua ule mguu wa jinzi mpike. Ila uyachambue na kuyaosha sawasawa. Yangu ya mwaka jana niliyabandika hivi hivi, tukatafuna mchanga wa Tarangire mezani.