Fundi anastaafu Juni, tununue mfumo upi?

SWALI: Niko idara ya utumishi kwenye mamlaka ya maji ya mji mdogo hapa Tanzania. Fundi wetu mkongwe wa mabomba anatimiza miaka 60 mwezi Juni. Mshauri mmoja ametuletea mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi maarifa, anasema ukishafungwa hatutapoteza kitu. Je, mfumo gani unafaa?

JIBU: Ndugu, kila anayeniandikia siku hizi anauliza mfumo. Mfumo unatunza kilichoandikwa. Alichonacho fundi wenu hakijaandikwa popote: valvu ipi ilifukiwa barabara ilipowekwa lami, ipi ni kuukuu haitaki kukazwa hadi mwisho, kwa nini mtaa wa mlimani hukosa maji mkitangulia kufungulia wa bondeni. Mshauri ataskani michoro ya zamani, valvu ile haimo, na hela imekwenda.

Anzeni wiki hii. Mpeni vijana wawili wenye ajira ya kudumu, si wa mkataba wa miezi mitatu, wafuatane naye kwenye laini za mabomba. Spana washike wao, yeye aelekeze. Kila valvu ipigwe picha, ipimwe hatua kutoka ukuta au nguzo iliyo karibu, iandikwe palepale. Wamuulize hasa kazi zilizowahi kumshinda.

Je, atakubali? Mtu aliyeheshimiwa miaka yote kwa kuwa ni yeye tu anayejua, hatamwaga ujuzi wake kwa kuombwa kikaoni. Mkurugenzi amfuate mwenyewe, ampe barua ya kumtambua kama mkufunzi, na siku hizo zilipwe posho kama safari nyingine za kikazi.

Kinachoniuma ni kwamba tarehe ya kustaafu imo kwenye jalada la mtumishi tangu alipoajiriwa, na bado ofisi zetu hushtuka miezi ya mwisho. Uhamisho ndio balaa zaidi: barua inakuja, wiki inayofuata mtu hayupo, na makabidhiano ni funguo, gari na orodha ya samani. Ukifungua jalada, dokezo linasema "imeshughulikiwa". Ilishughulikiwaje, hakuna anayejua. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka tangu 2002, lakini yaliyo kichwani mwa mtu hayana jalada masjala. Wauza mifumo wanalijua hilo, na wanaendelea kuchukua fedha za umma kwa maghala matupu.

Daftari la vijana wenu likijaa, niandikie tena. Hapo tutazungumza habari ya kompyuta.