Binti yako na gitaa: jibu la mpiga rithimu wa Tanga

Kaka yangu wa Makorora, nimeusoma uzi wako hapa jukwaani mara mbili kabla ya kuandika. Unasema binti yako wa miaka 13 hulichukua gitaa la baba yake mdogo kila arudipo shule, na kwamba shangazi zake wamekuja juu: wanasema gitaa ni chombo cha wanaume, vidole vya mtoto wa kike haviziwezi nyuzi za chuma, na muziki wa bendi utamharibu. Unauliza umwachie au umzuie. Walionitangulia wamekujibu kwa ufupi, wengine wakisema dunia imebadilika, wengine wakisema mwisho wa mambo hayo unajulikana. Mimi ni mwanamke, na nimepiga gitaa la rithimu, lile la kushikilia mdundo, hapa Tanga kwa miaka 26, katika bendi mbili za dansi na kikundi kimoja cha taarabu, na sasa nafundisha watoto. Kwa hiyo naomba nikujibu kwa urefu, maana jambo hili limenigusa.

Nianze na vidole, kwa sababu hapo jibu ni jepesi. Wiki za mwanzo ncha za vidole humuuma kila mtu, awe wa kike au wa kiume, na baadaye hufanya sugu na maumivu yakaisha. Kinachomshinda mtoto mara nyingi ni gitaa lenyewe: nyuzi zimekaa juu mno kutoka ubaoni, au ni nene kuliko anavyohitaji mtu anayeanza. Fundi anaweza kuzishusha kwa muda mfupi, na ukimfungia nyuzi nyembamba, zile tunazoziita namba tisa, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Magitaa mengi ya umeme yana urefu wa uzi wa milimita 648 hivi, lakini yapo mafupi ya milimita 610, ambayo nyuzi zake hazihitaji kukazwa sana ili zitoe sauti ile ile. Mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada aliugua polio akiwa na miaka tisa, na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Akaamua kuzikaza na kuzilegeza nyuzi kwa namna zake mwenyewe ili apate kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa vidole vichache, na hadi leo wapiga gitaa wanahangaika kuzijua namna hizo. Elizabeth Cotten wa Marekani alikuwa wa mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa la kawaida bila kubadilisha nyuzi, akawa anapiga besi kwa vidole na sauti za juu kwa gumba. Mikono ya watu hawa wawili ingekataliwa na shangazi yeyote.

Neno la kwamba gitaa ni chombo cha wanaume linahitaji subira zaidi, kwa sababu shangazi zako hawakulitunga. Wamekulia hapa, wakaona wanayoyasema. Katika taarabu yetu ya Tanga, enzi za Black Star na Lucky Star, vilabu vilivyoleta gitaa la umeme na besi katika muziki uliokuwa umezoea udi na fidla, mwanamke alikuwa sauti. Shakila, mzaliwa wa Pangani, aliimba akajulikana nchi nzima, lakini waliomzunguka na vyombo walikuwa wanaume. Katika dansi, kwa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ilikuwa vivyo hivyo. Mtu aliyekua akiona hivyo kila Idi na kila harusi ataamini kuwa ndivyo vyombo vilivyoumbwa.

Lakini chombo hakina jinsia hadi watu wakipe, na watu hukipa kwa namna zinazopingana. Katika karne ya 19 huko Ulaya na Marekani, gitaa dogo la sebuleni lilihesabiwa kuwa linawafaa hasa wanawake wa nyumba za heshima; mjini London mwalimu aliyesifika kuliko wengi alikuwa mwanamke, Madame Sidney Pratten, ambaye hata binti wa Malkia Victoria alikuwa mwanafunzi wake. Kwa Watuareg wa Sahara, imzad, fidla ya uzi mmoja, hupigwa na wanawake tu, na mwanamume hata hathubutu kuigusa, ilhali gitaa likawa la vijana wa kiume. Kwetu pwani, ngoma za unyago ni za wanawake, na sijasikia mtu akisema mikono yao haina nguvu ya kuzipiga usiku kucha. Guinea ilianzisha bendi ya wanawake watupu mwaka 1961, iliyokuja kuitwa Les Amazones de Guinée, wakipiga solo, besi, saksafoni na dramu. Walikuwa askari wa jandarma, kikosi cha polisi wa kijeshi, na mwaka 1977 walipiga katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, kule Lagos. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Women Jazz Band katika miaka ya 1960. Hata Unguja, ambako wanawake wameimba taarabu tangu enzi za Siti binti Saad, ilipofika mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani aliunda kikundi cha Tausi ambacho wanawake ndio wanaopiga vyombo.

Sasa nifike pale ambapo nataka unisikilize zaidi, kaka yangu. Kilichowazuia wengi wetu ni saa, wala si mkono. Gitaa kwetu halijafundishwa sana kwa vitabu. Hufundishwa kwa kukaa karibu na anayejua, na saa za kukaa karibu zimekuwa za wanaume.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Ngamiani, na ujanani alikuwa amepiga gitaa katika madansi ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Alasiri alikuwa akiwafundisha vijana wawili barazani pa duka lake. Mimi nilitumwa kuwapelekea chai, nikawa nachelewa kuondoka na birika. Siku moja, bila kusema neno, alinipa gitaa, akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akatia alama ubaoni mahali vidole vyangu vitatu vinapotakiwa kukaa. Akapiga mdundo kwa mguu, akangoja. Mjomba hakuwa mtu wa kueleza. Alipiga yeye, ukapiga wewe, na ukikosea alipiga tena vile vile, polepole zaidi. Kufika magharibi ile chaki ilikuwa imehamia kwenye ncha za vidole vyangu, na mama aliponiona nikinawa alijua nilikokuwa.

Mama hakunikataza, Mungu amrehemu. Aliniambia tu niwe nyumbani kabla ya adhana ya magharibi, na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minne. Wale vijana wawili walibaki. Baada ya isha wanamuziki wenzake mjomba walikuwa wakipita, na hapo ndipo yalipofundishwa yale yasiyopatikana alasiri: jinsi ya kumsikiliza mpiga solo anapokaribia kumaliza ili umpokee, jinsi rithimu inavyobadilika wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kuchangamka, jinsi ya kuomba malipo bila kugombana. Nilipojiunga na bendi yangu ya kwanza nilizijua kodi kuliko mmoja wa wale vijana, lakini yeye alijua lini anyamaze, nami sikujua. Kiongozi wa bendi aliona upungufu huo akauita upungufu wa wanawake. Ulikuwa upungufu wa saa tatu za kila usiku kwa miaka minne.

Ukizitazama habari za wanawake waliofika mbali, utaona kuwa karibu kila mara palikuwapo gitaa nyumbani na mtu wa kukaa naye karibu. Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili wa Marekani aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, alianza gitaa utotoni kabisa akifuatana na mama yake, mhubiri aliyepiga mandolini, wakisafiri kanisa hadi kanisa; hakuhitaji kuruhusiwa kutoka usiku, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa ndiye mlezi wake. Fatou Seidi Ghali wa kijiji cha Illighadad nchini Niger alijifunza kwa gitaa la kaka yake, akiliiba kwa muda mfupi mfupi, kama anavyofanya binti yako kwa baba yake mdogo. Na Elizabeth Cotten, niliyemtaja juu, ni mfano wa upande wa pili: aliliacha gitaa kwa miaka mingi baada ya kuolewa, na kanisani walimwambia muziki wa kidunia haumfai. Alilishika tena akiwa mtumishi katika nyumba ya familia ya wanamuziki, akatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1958 akiwa ameshapita miaka 60, na mwaka 1985 akapewa tuzo ya Grammy akiwa na zaidi ya miaka 90. Mimi nikiisoma habari hiyo huwa naifikiria ile miaka ya katikati, ambayo hakuna atakayeirudisha.

Liko jambo jingine ambalo binti yako atakutana nalo hata akipata hizo saa, nalo ni namna watu wanavyosikiliza kwa macho. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilipotoa orodha ya wapiga gitaa bora 100 mwaka 2003, wanawake walikuwa wawili tu, na Tharpe hakuwamo. Lilipotoa orodha nyingine mwaka 2023, akawekwa nafasi ya sita. Mama huyo alifariki mwaka 1973. Hakuongeza hata noti moja kati ya orodha hizo mbili. Yaliyobadilika ni masikio ya walioziandika.

Kwangu mimi lilinipata katika harusi moja Raskazone. Fundi mitambo alinitazama nikichomeka waya, akaniuliza kama mwenye gitaa yuko njiani, na nilipomwambia ni langu akaishusha sauti yangu kabla sijagusa uzi, akidhani pengine anaiokoa shughuli. Tukapiga nyimbo mbili hivyo. Katika wa tatu, tulipoingia kwenye chemko, mpiga solo aligeuka kunitafuta, kwa kuwa hakuwa anasikia pa kukanyaga, na waimbaji wakaanza kupishana. Alimwashiria fundi kwa kidole: mpandishe huyu. Aliponipandisha, nilimwona usoni akisikia kwa mara ya kwanza nilichokuwa nikikipiga tangu mwanzo. Baada ya shughuli alikuja kuniambia, kwa wema kabisa, “Dada, kwa mwanamke unapiga vizuri sana.” Nilimshukuru. Lakini sifa ya namna hiyo, kaka, ikirudiwa kwa mtoto wa miaka 13 humfanya ajipime na wasichana wenzake tu, ambao ni wachache, na akishawapita huona amefika. Usimsifu hivyo. Mwambie pale alipochelewa na pale alipopatia, kama ungemwambia mvulana.

Kuhusu kuharibika, sitaidharau hofu ya shangazi zake, kwa kuwa baadhi yake ni ya kweli. Shughuli za usiku zina walevi, zina viongozi wanaochelewesha malipo ili msichana abaki peke yake akisubiri, na usafiri wa saa tisa za usiku ni taabu. Nimeyapitia, na bendi moja niliiacha kwa ajili hiyo. Lakini hatari hizo zimo katika mpangilio wa kazi, na mpangilio hubadilika wazee wakisimama imara. Kikundi cha taarabu nilichokuwamo kilikuwa na sharti kwamba malipo hutolewa kabla ya kupanda jukwaani na wanawake wote hurudishwa kwa gari moja, na hatukupata kisa hata kimoja. Binti yako bado yuko mbali na huko. Kwa sasa anahitaji mwalimu wa mchana, na akimaliza shule akipenda bado, kipo chuo cha TaSUBa pale Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ambako muziki husomwa darasani, saa za darasa, na mzazi anaweza kwenda kuona. Mwaka 2018 kampuni ya magitaa ya Fender ilieleza kuwa katika uchunguzi wake wa Marekani na Uingereza, nusu ya watu wanaoanza gitaa ni wanawake. Kwetu hatujafika huko, lakini kati ya watoto tisa ninaowafundisha, wanne ni wa kike, na mmoja wao sasa ananisahihisha mimi.

Kwa hiyo mwachie, na zaidi ya kumwachia, mtafutie zile saa. Zungumza na baba yake mdogo asimpe gitaa tu, bali akae naye japo nusu saa kila jioni, na akiwa na wenzake wanaopiga pale nyumbani binti aruhusiwe kukaa asikilize, asitumwe chai kisha akaambiwa aende ndani. Mimi hufundisha Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, mlango ukiwa wazi, na wazazi wanaopenda hukaa barazani. Niandikie kwa ujumbe wa faragha hapa hapa jukwaani. Aje na gitaa hilo hilo la baba yake mdogo tulitazame nyuzi zake kabla ya kitu kingine chochote, na mmoja wa shangazi zake afuatane naye. Nitamwekea kiti karibu.