Mpira wa mashine ya kufulia umechomoka usiku, mbona bima wamenipa nusu?

SWALI: Dada habari za kazi. Nimepanga Kinondoni, ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita maji yalikatika mashine ikiwa katikati ya kufua, nikaizima ila koki nikasahau kuifunga. Saa nane usiku maji yakarudi na presha yake, mpira ukachomoka, sisi tumelala fofofo, kuja kushtuka mwanangu ananiita mama njoo uone sebuleni kuna bahari. Sofa, zulia, godoro la watoto na kabati la tivii (ile mbao ya kubandika, imevimba kama andazi) vyote kwisha, jumla milioni 2 na laki 4. Mashine yenyewe fundi anataka laki 2 na nusu. Nilikata bima ya vitu vya ndani ya milioni 10. Sasa wao wanasema vitu vyangu vyote vina thamani ya milioni 20, kwa hiyo wananipa milioni 1 na laki 1 tu na mashine wamegoma kabisa. Na jirani wa chini jipsamu yake imeshuka, kila tukikutana kwenye ngazi ananiuliza lini. Hapa sijapigwa kweli?

JIBU: Pole sana dada, na hongera pia, maana wapangaji wenye bima ya vitu vya ndani hapa mjini ni wa kuhesabu, wengi bima wanayoijua ni ile ya gari tu.

Kwanza hiyo koki acha kujilaumu. Kusahau hakukunyimi fidia, ungenyimwa kama ungefungulia maji makusudi. Bima ingekuwa inalipa wasiosahau peke yao sidhani kama ingemlipa mtu. Bima nyingi za nyumba zinakubali maji yaliyotoka ghafla kwenye tanki, bomba au chombo kilichounganishwa na bomba, na ya kwako ni ghafla kabisa.

Mashine sasa. Kawaida wanalipa kilichoharibiwa na maji, chombo kilichovuja unatengeneza mwenyewe. Mpira, pampu, mota, hayo wanayaita matengenezo, labda kama mashine bado ina waranti dukani.

Hesabu yao haijakosewa, ila inauma. Vitu vya milioni 20 ukivikatia milioni 10 ina maana umelipia nusu, ile nusu nyingine umeibeba mwenyewe bila kujua, basi kila hasara mnagawana hivyo hivyo. Nusu ya milioni 2.4 ni milioni 1.2, wanatoa laki 1 ambayo nadhani kwenye hati yako ya bima imeandikwa kwamba kila dai unaanza nayo wewe, inabaki milioni 1.1. Watu wengi wanataja kiasi kidogo ili walipie kidogo, wakala naye anataka uondoke na risiti tu basi haulizi, mambo yanakuja kujulikana siku ya maji.

Ila hiyo milioni 20 wameipataje? Hapo ndo pa kukomalia. Waombe orodha, kitu kwa kitu. Nimeshaona friji ya miaka nane imeandikwa bei ya dukani wakati hati inasema watalipa kwa thamani ya kitu kilichotumika, yaani kwenye kulipa wanakihesabu cha zamani, kwenye kugawanya wanakihesabu kipya, haiwezekani. Ukionyesha kwamba vitu vyako kweli ni vya milioni 15, wanatakiwa wabebe theluthi mbili, yaani milioni 1.6, toa laki yako unabaki na 1.5. Laki 4 hiyo imerudi. Na usisaini ile karatasi ya kwamba umeridhika na hudai tena mpaka uridhike kweli. Wakikuzungusha waandikie barua, wasipojibu nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au TIRA wenyewe, ile mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

Huyo jirani mpe pole, msaidie kudeki, lakini usimwambie "nitalipa", maana hati nyingi zinakataza kukubali kosa kabla kampuni haijajua. Angalia kama bima yako ina kipengele cha madhara kwa watu wengine, kama kipo wapelekee haraka wakamalizane naye. Na jipsamu ni mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo inawezekana bima ya jengo lake ikahusika.

SWALI: Shikamoo anti. AC ya chumbani inadondosha maji toka kabla ya Ramadhani, ukuta umeota ukungu na kabati la nguo limeoza nyuma. Nina bima. Nikisema imeanza jana si watalipa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hapana. Mtathmini akifika anasogeza kabati, anakuta alama za maji zimejichora duara juu ya duara na mbao inameguka kwa kidole, maji ya jana hayafanyi hivyo. Kuvuja kidogo kidogo kwa miezi wanahesabu ni uchakavu, hawalipi, ukidanganya ndo unapoteza na bima yenyewe. Mwite fundi wa AC, mara nyingi ni ule mpira wa kutolea maji umeziba vumbi, anaupuliza tu inaisha. Kabati ndo hivyo tena.