Bustani ya mgagani, mlenda na chaya nyumbani Dodoma: anza na hesabu ya maji

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei bustani huishi kwa maji ya bomba, ya kisima au ya dumu, na hapo ndipo bustani nyingi za nyumbani hufia: mtu amejaza kabichi na spinachi kiwanja kizima, ikifika Septemba maji hayatoshi hata robo yake. Kwa hiyo pima maji kwanza, ndipo uchague mboga, na uchague zile zinazolivumilia jua la huku.

Tuta ambalo mboga zimeshafunika udongo hunywa lita 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku, hasa Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na upepo ukivuma. Tuta la mita 1 kwa 5 linataka basi lita 25 hadi 30, yaani dumu moja na nusu. Matuta mawili ni madumu matatu, kila siku. Tangi la lita 5,000 lililojaa Aprili litahudumia matuta hayo mawili kwa siku 80 na ushei, halitafika Novemba. Kama maji yako si ya uhakika, lima matuta mawili kiangazi, kisha ongeza mengine mvua zikianza.

Tuta lenyewe lizame, lisiinuke. Tuta la kuinuka hukauka pande zote na upepo hulimalizia. Chimba sentimita 40 ili uvunje ule udongo mgumu wa chini, changanya ndoo tano za lita 20 za samadi kwa tuta la mita 5, kisha rudisha udongo hadi uso wa tuta ubaki sentimita 10 chini ya ardhi. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi acha mdomo wa kutolea maji upande wa mteremko, la sivyo mvua ya Januari itaozesha mizizi. Samadi iwe imeoza kweli: haina joto, hainuki, inavunjika mkononi. Samadi mbichi ya zizini huunguza miche na huleta magugu ya msimu mzima.

Mgagani ndio unaowakatisha watu tamaa kuliko mboga zote, na sababu karibu kila mara ni mbegu. Mbegu iliyovunwa karibuni hulala. Iache ikae mahali pakavu miezi mitatu hadi sita kabla ya kuipanda. Isitoshe, mwanga huizuia kuota, kwa hiyo mbegu iliyomwagwa juu ya tuta hubaki hapo hapo. Chora mistari iliyoachana sentimita 30, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, fukia kwa sentimita moja tu, mwagilia kwa upole asubuhi na jioni mpaka ziote. Usipande Juni na Julai, usiku ni wa baridi na mbegu huota chache. Wala usihamishe miche, kwani mzizi wake mkuu haupendi kuguswa. Punguza mpaka mche na mche viachane sentimita 15, na ile uliyong'oa ipeleke jikoni. Wiki ya nne hivi kata ncha ili mmea utoe matawi, kisha ondoa kila ua linalochomoza. Mgagani uliokosa maji siku chache hukimbilia kutoa maua na majani huwa machungu zaidi, na hapo hata maziwa au karanga haziusaidii sana.

Mlenda una tatizo jingine: ganda la mbegu ni gumu, maji hayapenyi. (Ugogoni mimea kadhaa huitwa mlenda, hapa tunasema ule wenye vitumba virefu vyembamba.) Funga mbegu kwenye kitambaa, zamisha katika maji yanayochemka kwa sekunde 10, toa, tia kwenye maji baridi, anika kivulini na upande siku hiyo hiyo. Ukizidisha muda, unazipika. Ukivuna, kata shina sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, litachipua tena.

Kunde za majani ni rahisi: anza kuchuma wiki ya tatu au ya nne, na kagua chini ya majani kwa ajili ya wadudu mafuta.

Chaya, kichaka ambacho majani yake ni mboga, ni ya kupanda mara moja. Chukua kijiti kilichokomaa cha sentimita 30, kiache kivulini siku mbili tatu mpaka utomvu ukauke, ndipo ukichomeke. Maji mengi mwanzoni hukiozesha. Ipange mita moja moja upande wa mashariki wa bustani, ikue iwe kinga ya upepo. Usiile mbichi kamwe: ina sumu ya sianidi kama muhogo mchungu. Ichemshe dakika 20, chungu kikiwa wazi. Watu wengi hushauriwa kuepuka sufuria ya alumini, nasi tunakubaliana na ushauri huo.

Rozela, ile ya vikombe vyekundu vya juisi, ipandwe Desemba na mvua za kwanza, mita moja kwa moja. Mmea huu hutoa maua siku zinapofupika, kwa hiyo uliopandwa Aprili huchanua ungali mdogo na huzaa vikombe vichache.

Ukiona ukungu mweupe juu ya udongo, ni chumvi ya maji ya kisima. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku huirundika juu. Mboga zikishakomaa mizizi, ni heri umwagilie kwa wingi kila baada ya siku mbili ili ishuke chini.

Na matandazo? Yanahitajika, lakini nyasi kavu huita mchwa. Yaweke miche ikishafika urefu wa shubiri, unene usizidi vidole vitatu, mbali kidogo na shina, na yafunue kila wiki kuangalia vichuguu vya udongo.